Kitengela, Bandari ya Wanyama wa Nairobi

Mtu akitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akapita Mlolongo na kufika Athi River penye viwanda vya saruji, huikuta barabara nyingine inayogawanyika kwenda kulia kuelekea Namanga na mpaka wa Tanzania. Akiishika hiyo, mwendo mfupi tu humfikisha katika mji wa Kitengela, ambao wazee wa hapo wangali wakiukumbuka kwa jina la Noonkopir, kituo kidogo cha maduka kilichokuwapo zamani. Siku hizi ni mji wa maghorofa, mabenki, matatu na nyama ya kuchoma. Watu waliohesabiwa humo mwaka 2009 walikuwa 58,167. Mwaka 2019 walikuwa 154,436. Wasafiri wengi husimama kula, kisha wakaendelea na safari yao, wala hapana kitu cha kuwaambia kwamba wamesimama juu ya mojawapo ya njia za wanyama zilizopata kuchunguzwa sana katika Afrika ya Mashariki.

Ili kuzifahamu habari za mji huu, imempasa mtu aitazame kwanza Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyo jirani yake. Mbuga hiyo ilitangazwa tarehe 16 Desemba 1946, nayo ndiyo ya kwanza katika nchi ya Kenya. Eneo lake ni kilomita za mraba 117, yaani kama eka 29,000. Kwa mkulima mwenye eka tano hilo ni shamba kubwa mno, lakini kwa simba, vifaru, nyati na twiga ni uwanja mdogo. Upande wa kaskazini, wa magharibi na wa mashariki umezungushwa ua, na nyuma ya ua ziko nyumba, barabara, viwanda na viwanja vya ndege. Upande wa kusini tu, penye mto Mbagathi, ndiko kulikoachwa wazi, na ng'ambo ya mto huo zinaanza nyika za Kitengela ambazo ni mali ya Wamasai wa ukoo wa Kaputiei na ya watu walionunua ardhi kwao.

Wataalamu wa elimu ya wanyama wana mfano wao: mbuga iliyozungukwa na miji pande zote huiita kisiwa. Mfano huu si wa kupamba maneno. Huko Panama, katika Amerika ya Kati, kilikuwapo kilima kiitwacho Barro Colorado. Mfereji wa Panama ulipochimbwa na mto ukazuiwa kufanya ziwa Gatun, maji yakakizunguka kilima kile hata kikawa kisiwa, na tangu miaka ya 1920 wataalamu wamekaa juu yake wakihesabu viumbe vyake. Miti haikukatwa, wala ndege hawakupigwa bunduki. Hata hivyo aina nyingi za ndege zilitoweka moja baada ya nyingine. Waliokufa hawakupata wenzao wa kutoka nje kuja kushika mahali pao. Basi ikiwa Mbuga ya Nairobi inaelekea kuwa kisiwa, Kitengela ndiyo bandari yake, mahali pekee ambapo wanyama waweza kuingia na kutoka.

Safari ya nyumbu

Mnyama aliyeitumia bandari hiyo kuliko wote ni nyumbu. Desturi yake ilikuwa hivi. Wakati wa kiangazi, maji yalipokauka katika nyika za Athi na Kaputiei, makundi yalivuka Mbagathi kuingia mbugani, kwa kuwa humo mna mito na mabwawa, na majani yaliyosazwa tangu wakati wa mvua. Mvua ziliponyesha tena, walitoka kwenda kusini. Mtu aweza kuuliza: kwa nini waiache mbuga yenye majani marefu na askari wa kuwalinda, wakaende kuchanganyika na ng'ombe wa watu? Jibu ni kwamba majani marefu si chakula bora kwa mama mwenye mimba. Katika nyika zilizo wazi majani ni mafupi na mateke, yenye madini yanayotengeneza mifupa na maziwa, tena mama aliyezaa huko humwona simba angali mbali. Mbuga ilikuwa ghala ya kiangazi. Chumba cha kuzalia kilikuwa katika ardhi ya watu.

Wafugaji wa Kaputiei walilijua jambo hili vizazi vingi kabla ya mtaalamu wa kwanza kufika na daftari yake. Walijua pia hatari yake, maana ng'ombe akilisha mahali nyumbu walipozaa, baada ya wiki chache hushikwa na homa kali, macho na pua hutoa usaha, na mara nyingi hufa. Kwa sababu hiyo ilikuwa ni sheria ya wazee kuwaondoa ng'ombe katika nyika hizo miezi ya kwanza ya mwaka, wakati wa uzazi wa nyumbu, na kuwapeleka penye majani mabaya zaidi ili kuokoa roho zao. Mwaka 1960 Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, alifaulu kukitenga kirusi cha ugonjwa huo kutoka kwa nyumbu mwenyewe. Ikajulikana kwamba ndama wa nyumbu hukitoa kirusi hicho kwa machozi na kamasi katika miezi ya kwanza ya maisha yake, bila yeye mwenyewe kuugua. Ni daktari huyo huyo aliyetengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kuiondoa sotoka ulimwenguni. Juu ya ugonjwa wa nyumbu sayansi ilikuwa imethibitisha tu yale ambayo mchungaji asiyejua kusoma alikuwa amekwisha kuyatungia kanuni.

Habari hii yafaa ikumbukwe na kila anayesema kwamba Wamasai na wanyama wamekaa pamoja kwa kuwa Wamasai hawana kazi nayo ardhi. Walikaa pamoja kwa gharama, na gharama hiyo ililipwa na mwenye ng'ombe, kila mwaka.

Ua na hati

Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kuwawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa vikundi, nacho kikundi cha Kitengela kikapata hati yake. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1988, wanachama waliamua kuigawanya ardhi, kila mtu apate hati yake mwenyewe. Uamuzi huo haukuwa wa kipumbavu. Mtu mwenye hati aweza kukopa benki. Aweza kuwarithisha wanawe bila kuogopa kwamba viongozi wa kikundi watauza sehemu yake kwa siri. Lakini karibu wakati ule ule, mwaka 1990, sheria ilifungua njia ya kujengwa viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuzwa ng'ambo, na eneo kubwa la viwanda hivyo likawekwa Athi River. Maelfu ya wafanya kazi walitaka mahali pa kulala, na mahali palipokuwa rahisi ni Kitengela. Bei ya ardhi ikapanda mwaka hata mwaka. Mfugaji aliyekuwa akiuza ng'ombe ili kulipa karo akaona kwamba kuuza kipande cha eka moja kwampa fedha zaidi ya zizi zima.

Aliyenunua, naye, hakununua ili kutazama majani. Alizungusha ua. Mmoja alizungusha kwa sababu amepanda mahindi na sukuma wiki, mwingine kwa kuogopa wezi wa ardhi, mwingine ili majani yake yaliwe na ng'ombe wake peke yake. Ua mmoja haumdhuru nyumbu, huuzunguka akaendelea. Nyua mia hufanya ukuta. Chuo cha kimataifa cha uchunguzi wa mifugo, kiitwacho ILRI, ambacho makao yake yako Nairobi, kiliwafundisha vijana wa Kitengela wenyewe kutembea na vyombo vya kupimia na kuziandika nyua zote katika ramani, moja moja. Ramani zile ziliwafadhaisha hata waliozichora, kwa kuwa kila mmoja alijua nyua za jirani zake, lakini hapakuwa na mtu aliyepata kuziona zote kwa pamoja.

Hesabu za wanyama nazo zilikuwa zikichukuliwa, kwa ndege juu ya nyika na kwa magari ndani ya mbuga. Mwaka 1978 nyumbu wa Athi na Kaputiei walikuwa karibu 30,000. Mwaka 2011 walikuwa karibu 5,000. Walioingia mbugani wakati wa kiangazi walipungua kutoka karibu 10,000 mwaka 1989 hata wasifike 400 mwaka 2011. Uwindaji ulikuwa umekatazwa katika Kenya nzima tangu 1977, kwa hiyo haiwezekani kuwatupia lawama wawindaji wenye leseni. Na ingawa wako wauzaji wa nyama ya porini waliofanya madhara makubwa, njia ilikuwa imekwisha kuzibwa.

Ujira wa kutofanya neno

Mwaka 2000 ulianza mpango ambao watu wengi waliucheka. Shirika la The Wildlife Foundation, pamoja na marafiki wa Mbuga ya Nairobi, lilianza kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ujira wa kutofanya neno: wasizungushe ua, wasichimbe mawe, wasigawanye ardhi kuiuza vipande, wasiwaue wanyama wala kuwaficha wanaowaua. Ng'ombe wao waliruhusiwa kulisha kama kawaida. Malipo yalikuwa dola nne za Marekani kwa eka moja kwa mwaka, nayo yaligawanywa mara tatu ili yafike shule zinapofunguliwa. Mpango ulianza na familia chache mno, ukaenea mpaka mamia ya familia wakauingia.

Karani yeyote aweza kuifanya hesabu hii. Mwenye eka 60 hupata dola 240 kwa mwaka, dola 80 kila muhula. Katika mwaka wa ukame, ng'ombe wanapokonda na bei yao kuanguka, fedha hiyo ni msaada mkubwa, kwa kuwa haikaukii mvua. Mtoto hubaki darasani na mtamba hubaki zizini. Lakini mtu huyo huyo akikata kiwanja kimoja cha futi hamsini kwa mia karibu na barabara akakiuza, atapata kwa siku moja fedha ambazo mpango ule hautampa kwa miaka mingi. Si haki kumwambia aipende nchi yake zaidi ya jirani yake aliyekwisha kuuza. Mbuga inaliletea taifa zima fedha za watalii, na jina la Nairobi kuwa mji mkuu wenye simba katika mpaka wake linajulikana dunia nzima. Lakini anayeitunza bandari ya wanyama analipwa kwa fedha za wahisani, ambazo mwaka mmoja huja na mwaka mwingine huchelewa. Kasoro kubwa ya mpango ilikuwa hapo.

Simba hana habari ya mpaka

Swala na pundamilia wakitoka, simba huwafuata, na simba hatofautishi mali ya mungu na mali ya mtu. Tarehe 20 Juni 2012, katika kijiji cha Ilmasin, simba sita waliuawa kwa mikuki asubuhi moja baada ya kuua mbuzi usiku. Askari wa wanyama walikuwapo, wakashindwa kuwazuia watu. Mwezi Machi 2016 simba dume mashuhuri aliyeitwa Mohawk alipotea mpaka Isinya, akazungukwa na umati wa watu mchana kutwa, akamjeruhi mtu mmoja, na mwisho akapigwa risasi. Magazeti yaliandika sana juu ya kifo chake. Juu ya mbuzi wa Ilmasin yaliandika kidogo.

Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 inaamuru fidia ya shilingi milioni tano kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia ya mifugo kwa bei ya soko. Imeandikwa vizuri, lakini malipo yake yamekuwa yakikawia mno, na mtu aliyesubiri miaka hasahau.

Msaada mwingine ulitoka mahali pasipotazamiwa. Richard Turere, mtoto wa Kimasai aliyekaa ukingoni mwa mbuga, alipewa kazi ya kuwachunga ng'ombe wa babake tangu akiwa na umri wa miaka tisa. Simba walimwua fahali wa pekee wa nyumba yao. Mtoto akajaribu kuwasha moto; akaona kwamba moto humsaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba aliogopa, siku ya pili akatambua kwamba mtu yule hasogei. Usiku mmoja, akizunguka zizi na tochi mkononi, aligundua kwamba simba wanaogopa taa inayotembea. Basi, akiwa na miaka kumi na mmoja, alichukua betri kuu kuu ya gari, kipande cha kunasa nguvu za jua, chombo kimulikacho taa za pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akaziunganisha ili taa ziwake na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, kana kwamba mtu anatembea. Ufundi wenyewe alikuwa ameupata kwa kuifungua redio ya mamake, jambo ambalo halikumfurahisha mama. Majirani wakamwomba awafanyie vile vile, na mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza kazi yake mbele ya wataalamu. Taa za namna hiyo zimekwisha kuenea mbali na Kitengela.

Kuelekea Kajiado

Msafiri akiendelea kusini hupita Isinya, penye mashamba ya maua yaliyofunikwa, na asubuhi mapema, akiwa na bahati, atawaona swala na pundamilia wakilisha baina ya viwanja vyenye mawe ya mpaka. Kisha hufika Kajiado, makao makuu ya kaunti, ambayo jina lake kwa Kimasai lina maana ya mto mrefu. Reli ya magadi hupita hapo ikitoka Magadi kwenda Konza.

Mbali zaidi, chini ya Kilimanjaro, lakini ingali katika Kajiado, iko Amboseli, ambako uchunguzi wa wanyama umefanyika kwa saburi isiyo ya kawaida. David Western alianza kazi yake huko mwaka 1967. Mwaka 1972 Cynthia Moss alianza kuwaandika tembo mmoja mmoja, akiwatambua kwa mipasuko na mishipa ya masikio yao. Tangu hapo kila ndama azaliwaye huandikwa, mama yake akijulikana, na nyanya yake pia. Kutokana na madaftari hayo ulimwengu umejifunza kwamba jamii ya tembo huongozwa na jike mzee, na kwamba wakati wa ukame uzee wake ni mali, kwa sababu anakumbuka maji yalipokuwa miaka mingi iliyopita.

Lakini Amboseli ina somo jingine pia ambalo watu wa Kitengela wanalijua sana. Eneo lake lililofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974 ni kilomita za mraba 392 tu, nalo lilichukua mabwawa ambayo Wamasai walikuwa wakinyweshea ng'ombe. Waliahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga badala yake. Mabomba yaliwekwa, kisha mitambo ikaharibika na matengenezo yakapuuzwa, wafugaji wakarudi na ng'ombe wao mabwawani, na katika miaka hiyo ya uchungu tembo na vifaru wengi walipigwa mikuki. Uhusiano ulitengenea pole pole, hasa jamii zilipoanza kupata mapato yao wenyewe, kama pale Kimana ilipofunguliwa hifadhi ya wananchi mwaka 1996. Na hata huko, katika mwaka 2020, shamba la maparachichi la eka 180 lililozungushiwa ua katika mapito ya tembo lilizua kesi.

Kwa sababu hizo, neno "ua" likitajwa Kitengela watu hutega masikio. Mwaka 2010 na 2011 baraza la wilaya, wenye ardhi na wataalamu walitengeneza ramani ya matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto, ikionyesha sehemu za mji na sehemu za malisho zisizopasa kukatwa viwanja. Ni kazi iliyostahili sifa, ijapokuwa ramani haina mikono ya kumzuia mwuzaji. Reli mpya nayo ilivuka mbuga yenyewe juu ya daraja la kilomita sita, treni zikaanza kwenda Suswa mwaka 2019; wanyama hupita chini ya nguzo zake. Mwaka 2020 mpango uliopendekezwa wa kuiongoza mbuga ulizua ubishi mkubwa kwa kuwa ulitaja kuweka ua upande wa kusini. Waliouunga mkono walisema kwamba ua ungewaokoa simba na mikuki, na mbuzi na simba. Waliopinga, wakiwamo wenye ardhi waliokuwa wameiacha wazi kwa miaka ishirini, waliuliza wao walikuwa wakiingoja nini muda wote huo.

Kusini mwa mto Mbagathi wako wenye ardhi waliojiunga katika hifadhi ya Naretunoi, na ardhi yao haina ua. Shule hufunguliwa mwezi Januari, wakati ule ule ambapo nyumbu walikuwa wakianza kuzaa katika majani mafupi. Mwezi huo baba mwenye watoto wanne huzitoa karatasi za karo akazipanga mezani, kando yake hati ya ardhi, na simu ya dalali ikiwa imekwisha kulia mara mbili.